Presha Haisikiki, Hupimwa: Neno Moja na Maana Zake Mbili

Miongoni mwa maneno ya tiba ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Kiingereza, ni machache yaliyoenea kama neno presha. Wodi, nesi, eksirei na bandeji hutamkwa zaidi pale mtu anapougua au anapouguza. Presha hutamkwa kila mahali: hospitalini, ndani ya daladala, msibani, kwenye uwanja wa mpira na jikoni. Bibi asiyejua neno jingine lolote la Kiingereza hulitumia bila kusita, na mjukuu wake wa shule ya msingi humwelewa. Kwa kipimo hicho, neno hili limekwisha kupata uraia wa lugha, wala hakuna tangazo litakaloliondoa.

Hoja ya makala haya, basi, si ugeni wa neno hilo. Hoja ni kwamba presha ina maana mbili zinazoishi katika nyumba moja. Ya kwanza ni hisia: wasiwasi, hasira, moyo kwenda mbio. Ya pili ni kipimo: nguvu ambayo damu huitumia kusukuma kuta za mishipa. Daktari anapolitamka neno huwa amekusudia kipimo. Mgonjwa anapolipokea, mara nyingi husikia hisia. Tofauti hiyo ingekuwa jambo la wanaisimu peke yao kama isingeamua nani atameza dawa zake na nani ataziacha kabatini hadi siku ya kiharusi.

Neno lilivyokuja likiwa nusu

Neno la Kiingereza "pressure" lina asili ya Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kubana au kukandamiza. Waingereza hulitumia kwa mambo mengi: mvuke ndani ya chungu, hewa ya angani, maji ya bomba, ushawishi wa wanasiasa na hofu ya mwanafunzi kabla ya mtihani. Kwa kuwa neno lenyewe ni pana kiasi hicho, matabibu wao walipotaka kuutaja ugonjwa hawakuliacha peke yake. Waliliongezea neno la damu, kisha neno la kuonyesha kwamba nguvu hiyo imezidi. Jina kamili la ugonjwa likawa maneno matatu.

Kiswahili kilichukua neno moja katika yale matatu na kuliachia kazi yote. Hivyo tukapata usemi "ana presha", ambao kwa mzungumzaji wa kawaida ni sentensi iliyokamilika, kana kwamba watu wengine hawana. Ukweli ni kwamba kila aliye hai ana presha. Bila nguvu hiyo damu isingepanda hadi kwenye ubongo wa mtu aliyesimama, wala figo zisingechuja kitu. Asiye na presha kabisa ni marehemu. Anayeitwa mgonjwa ni yule ambaye nguvu hiyo imezidi kiwango na imekaa huko juu kwa muda, si yule "aliyenayo".

Historia ya kipimo chenyewe inafundisha jambo hilohilo. Mwaka 1733 Mwingereza Stephen Hales alichapisha maelezo ya jinsi alivyoingiza bomba katika mshipa wa farasi na kutazama damu ikipanda ndani yake. Ilipita zaidi ya karne moja na nusu kabla Mtaliano Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, hajaeleza kifaa cha kufunga mkononi na kujazwa hewa. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namba mbili zinavyoweza kusikika kwa kipima sauti kilichowekwa juu ya mshipa wa mkono. Kabla ya vifaa hivyo, watu walikuwa na presha iliyozidi na waliugua kwayo, lakini hakuna aliyeweza kusema yake ni kiasi gani. Kilichoudhihirisha ugonjwa huu ni chombo. Hisia za mgonjwa hazikuwahi kuudhihirisha.

Presha ya mtaani

Maana ya mtaani inastahili kusikilizwa kwa heshima, kwa sababu ndiyo mgonjwa anayoingia nayo kliniki. Mtu akimwambia mwenzake "usinipe presha", anamsihi asimharakishe wala asimtie wasiwasi. Simba na Yanga zinapokutana na mechi ikafika kwenye penalti, watazamaji husema presha inapanda, presha inashuka. Mtu akifariki ghafla baada ya kupata habari mbaya, jirani hueleza kwamba "presha ilimpanda", na waombolezaji huyapokea maelezo hayo bila swali.

Ukiyakusanya matumizi hayo, utaona kwamba presha ya mtaani ina tabia zinazojulikana. Huja na kuondoka. Huletwa na kitu cha nje: mume, mtoto, deni, habari za simu. Anayeipata huisikia, ama kifuani, ama kichwani, ama kwa kijasho chembamba. Tiba yake ni kutulia, kupumzika na kuepuka maudhi. Hiyo ni maana halali katika lugha, na ina chembe ya ukweli wa kitabibu ndani yake, kwani hofu na hasira huipandisha kweli nguvu ya damu kwa muda. Wapo ambao kipimo chao hupanda kwa kumwona tu mhudumu aliyevaa koti jeupe. Hata hivyo, mpando wa namna hiyo kwa kawaida hushuka hofu inapopita.

Ugonjwa ambao daktari huutaja una tabia zilizo kinyume karibu zote. Hauondoki jioni mambo yakitulia. Mara nyingi hauna kisababishi kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole, bali ni mkusanyiko wa umri, urithi, chumvi, uzito wa mwili, pombe na kukaa bila mazoezi. Zaidi ya yote, kwa watu wengi hausikiki. Mtu anaweza kuwa na namba za kutisha huku akilima, akiuza dukani na kucheka na wenzake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba takriban watu wazima bilioni 1.3 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana tatizo hili, na kwamba karibu nusu yao hawajui kuwa wanalo. Wasingekuwa hawajui kama lingekuwa jambo la kusikika mwilini.

Mazungumzo yasiyokutana

Mazungumzo yafuatayo ni ya kubuni, lakini kila aliyewahi kuketi katika benchi la kliniki atayatambua.

"Shikamoo mama. Leo presha yako iko juu."

"Marahaba mwanangu. Itakosaje kupanda, na huyu kijana wangu alivyonisumbua wiki nzima?"

"Pole sana. Basi punguza mawazo mama, na dawa hizi umeze kila siku."

"Haya mwanangu. Mungu akubariki."

Hakuna aliyekosa adabu, hakuna aliyesema uongo, na wote wawili wameagana wakiwa na hakika kwamba wameelewana. Ukweli ni kwamba hawakuelewana hata kidogo. Nesi amezungumzia mishipa. Mama amezungumzia kijana. Nesi alipoongeza maneno "punguza mawazo", aliuthibitisha utambuzi wa mama bila kukusudia. Tangu hapo, "kila siku" masikioni mwa mama ni kila siku hadi mambo ya kijana yatakapotulia. Baada ya wiki tatu kijana akirejea katika mwenendo mzuri, mama atalala usingizi, kichwa kitakuwa chepesi, na vidonge vitapelekwa kabatini. Siku atakaporudi kliniki na namba ikawa juu kuliko mwanzo, ataandikwa katika faili lake kuwa mgonjwa asiyefuata maelekezo. Lakini mama huyo amefuata maelekezo barabara, yale ya neno alilolisikia.

Hapa ndipo lawama inapopaswa kuhamishwa. Ni desturi katika wodi na kliniki kuwasema wagonjwa wanaoacha dawa kwamba ni wabishi au hawana elimu. Wapo walioacha kwa kukosa fedha, na wapo walioacha kwa sababu miguu ilivimba au kikohozi kikavu hakikuwaachia usingizi, nao wana haki ya kusikilizwa na kubadilishiwa dawa. Lakini wengi waliacha kwa mantiki iliyonyooka kabisa: ugonjwa ni hisia, hisia imekwisha, dawa ya nini? Mantiki hiyo haiondolewi kwa kukaripia. Huondolewa kwa kurekebisha sentensi ya kwanza.

Hatari ya "presha ya kushuka"

Maana ya mtaani ina mtoto mmoja ambaye ni hatari kuliko mama yake, naye ni "presha ya kushuka". Katika mazungumzo ya kila siku, presha ya kupanda na presha ya kushuka ni magonjwa mawili pacha, na kila mtu huamini kwamba anayo mojawapo. Kizunguzungu, uchovu, kuzimia, macho kuona giza, njaa ya muda mrefu, upungufu wa damu, hata huzuni ya kufiwa, vyote huitwa presha ya kushuka. Dawa yake ya nyumbani hujulikana pia: soda ya haraka au chumvi ya kulamba.

Kushuka kwa nguvu ya damu kupo kweli. Hutokea kwa aliyetokwa na damu nyingi, aliyeharisha na kutapika hadi maji yakamwishia mwilini, aliyepata maambukizi makali, au aliyezidishiwa dawa. Kwa kawaida huwa ni ishara ya jambo jingine linalohitaji kutafutwa. Lakini kizunguzungu hakina uwezo wa kumwambia mtu namba yake iko wapi. Mtu mwenye 170 kwa 100 anaweza kupata kizunguzungu, na mwenye 100 kwa 60 anaweza kuwa mzima kabisa. Sasa mchukue mgonjwa anayetumia dawa za kushusha, apate kizunguzungu asubuhi, na jirani mwenye huruma amwambie kwamba presha yake imeshuka. Ataacha vidonge na atalamba chumvi. Kwa neno moja lililotumiwa kwa nia njema, tiba imeondolewa na mojawapo ya visababishi imeongezwa, wala hakuna aliyepima.

Yako pia majina mengine yanayochanganya. Presha ya macho ni nguvu ya majimaji yaliyo ndani ya jicho. Ni ugonjwa mwingine, wenye kipimo kingine na dawa nyingine, na mtu anaweza kuwa nao huku nguvu yake ya damu ikiwa ya kawaida. Kadhalika, kuna wanaodhani kwamba presha ya juu ni damu kuwa nyingi na presha ya chini ni damu kupungua, ndiyo maana mwenye upungufu wa damu huitwa mwenye presha ya kushuka. Kiasi cha damu ni jambo moja, wekundu wake ni jambo la pili, na nguvu ya msukumo wake ni la tatu.

Si Waswahili peke yao

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mkanganyiko huu umetokana na kutojua Kiingereza. Wenye lugha hiyo wenyewe wameupata. Jina la kitaalamu la ugonjwa huu kwao limeundwa kwa kipande chenye maana ya kuzidi na kipande kinachoweza kumaanisha mkazo wa mishipa au mkazo wa akili. Mwaka 1980 mtafiti Dan Blumhagen alichapisha matokeo ya mahojiano aliyofanya na wagonjwa katika kliniki ya wanajeshi wastaafu mjini Seattle, Marekani. Wengi walilielewa jina hilo kuwa ni wasiwasi uliozidi, wakajenga juu yake maelezo kamili ya ugonjwa ambayo hayakuwa ya madaktari wao. Baadaye, katika mji wa New Orleans, Suzanne Heurtin-Roberts aliwakuta wanawake wenye asili ya Afrika waliotofautisha magonjwa mawili, moja la damu na jingine la mishipa ya fahamu na maudhi. Walioamini hilo la pili walikuwa wazembe zaidi katika kumeza dawa.

Funzo la mifano hiyo ni muhimu kwa wale wanaopendekeza kwamba dawa ya tatizo ni kuliacha neno presha na kusema shinikizo la damu. Jina hilo ni zuri, ni rasmi, na linastahili kubaki katika vyeti na vitabu. Lina neno damu ndani yake, ambalo presha imelipoteza. Lakini shinikizo nalo lina maisha yake nje ya hospitali: vyama hutoa shinikizo, wafanyakazi hushinikiza serikali, na mtu hujiuzulu kwa shinikizo. Mgonjwa atakayebadilishiwa jina bila kubadilishiwa maana ataondoka na maudhi yaleyale yakiwa na jina refu zaidi. Tena, mhudumu anayetumia neno ambalo mgonjwa halitumii nyumbani hujenga ukuta mahali palipohitaji mlango. Ni afadhali kuanza na presha, kisha kuikamilisha.

Kulikamilisha neno

Bahati njema, Kiswahili chenyewe kina maana ya tatu ya presha, iliyo karibu kabisa na ile ya daktari, nayo haihitaji darasa. Ni ya maji. Kila mwenye bomba huweza kusema, "leo maji hayana presha". Katika usemi huo hakuna hasira wala wasiwasi. Kuna nguvu ya kitu kinachopita ndani ya mfereji. Mwambie mgonjwa kwamba moyo wake ni pampu, mishipa ni mabomba, na presha yake ni ile ya maji. Mwambie kwamba bomba linalopitisha maji kwa nguvu kupita kiasi halilii wala haliumwi. Linachakaa kimyakimya, hadi siku linapopasuka au kuziba. Likipata hitilafu ubongoni, ni kiharusi. Figo zikichakaa, hushindwa kuchuja. Pampu ikichoka, ni moyo kushindwa kufanya kazi. Atakuwa ameelewa kwa dakika moja kwa nini dawa humezwa hata siku ya furaha.

Baada ya hapo ipo haja ya namba. Maneno "iko juu kidogo" hayamsaidii mtu, kwa sababu kila mmoja ana kidogo chake. Mgonjwa aambiwe namba zake mbili na aandikiwe: ya juu ni nguvu wakati moyo unaposukuma, ya chini ni wakati moyo unapojaa tena. Kwa mtu mzima, kipimo cha kliniki kinachofika 140 kwa ya juu au 90 kwa ya chini, kikirudiwa siku nyingine tofauti na kukutwa hivyohivyo, ndicho hupewa jina la ugonjwa. Kuna watu wanaoijua namba ya simu ya kila ndugu. Hawashindwi kuzijua hizi mbili.

Kipimo nacho kina adabu zake, na kuzipuuza ni kuirudisha hisia kwa mlango wa nyuma. Anayepimwa apumzike dakika tano akiwa ameketi, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umeegeshwa usawa wa moyo na nguo imeondolewa. Asiwe amebanwa na mkojo, asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia, na asizungumze. Wala mhudumu asimsemeshe.

Mawazo yasidharauliwe. Mama aliyesumbuliwa na kijana wake anahitaji pole, na huenda akahitaji msaada wa mshauri. Ila pole hiyo itolewe kama jambo lake lenyewe, kisha ifuatwe na sentensi inayotenganisha: "Mambo ya kijana yanakuumiza, na tutayazungumza. Lakini namba hii, mama, haitaondoka hata akitulia. Dawa ni kwa ajili ya mabomba." Hapo upole na ukweli vimekaa pamoja.

Kwa upande wake, mgonjwa ana maswali matatu ya kuuliza kila anapoambiwa ana presha: Namba zangu ni ngapi? Tumezipima siku ngapi? Dawa hii niendelee nayo hadi lini, na nikiona inanisumbua nirudi kwa nani? Nyumbani, chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula vya kununuliwa, isizidi gramu 5, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Akipata udhaifu wa ghafla upande mmoja, ulimi mzito, maumivu ya kifua au pumzi kumbana, asilambe wala asinywe kitu cha kushusha au kupandisha. Apelekwe hospitali mara moja. Mjamzito anayepata kichwa kikali au kuona maluweluwe afanye hivyohivyo, kwani kwake hizo zaweza kuwa dalili zinazotangulia kifafa cha mimba.

Kila tarehe 17 Mei dunia huadhimisha siku ya shinikizo la damu, na watu hujipanga foleni kupimwa bure. Ni jambo jema. Lakini anayetoka kwenye foleni hiyo akiwa na neno peke yake, bila namba na bila maana, amepimwa tu, hajaarifiwa. Watazamaji wa mpira waendelee kusema presha inapanda, presha inashuka. Lugha ni yao na furaha ni yao. Ndani ya chumba cha tiba, neno hilohilo lisitoke mdomoni mwa mhudumu likiwa peke yake. Litoke na damu yake, na namba zake, na muda wake. Presha ya mpira husikika. Presha ya mishipa hupimwa.